Mabishano ya Uhuru Kwenye Duka la Kopi

Nimefanya kazi nyingi ambazo hazikudumu. Nimepakia magunia ya korosho, nimekwangua chumvi mashambani, nimemshikia tochi fundi wa majokofu, nimelinda nyumba ya mtu ambaye hakurudi hata siku moja kuitazama. Shule niliiacha darasa la sita. Sikuwa mjinga, ila sikuweza kukaa sehemu moja. Kusoma sikuacha. Nilisoma chochote kilichopita mbele yangu, hata maelezo ya dawa za kunyunyizia mikorosho.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kutoa kopi kwenye steshenari moja ya Magomeni, Mtwara, nilikaa miaka mitatu, na mama yangu hakuamini. Watu walileta kila kitu pale: hati za viwanja, talaka, ramani za mabomba ya gesi, mitihani ya watoto, hotuba za Ijumaa. Kila karatasi iliyopita chini ya kifuniko cha mashine ya kopi niliisoma. Wanafunzi wa chuo ndio walionifaa zaidi. Waliniachia madesa, yaani zile notisi za walimu wao, asubuhi, wakazifuata mchana, na kati ya hapo na hapo zilikuwa zangu.

Duka lilikuwa la watu wawili. Mmoja ni mjane wa mwenye duka wa kwanza, mama wa miaka kama hamsini, ambaye wote tulimwita dada. Wa pili ni kaka wa marehemu, mwalimu mstaafu, ambaye wote tulimwita mwalimu. Wao wenyewe waliitana shemeji. Ushemeji wao ulikuwa wa kutaniana kutoka kufungua duka mpaka kufunga.

Siku moja mwanafunzi aliniachia desa la siasa kwa Kiingereza. Kichwa chake kilitaja mambo mawili ambayo sikuwahi kuyasikia yakitajwa pamoja. Nilimwomba mwalimu anitafsirie. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima kimyakimya, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Uliberali na uhafidhina mamboleo. Kaa chini."

Nilikaa juu ya boksi la karatasi. Alinieleza kwamba mliberali anaanza na mtu mmoja. Mtu huyo ana haki zake kabla ya serikali, kabla ya ukoo, kabla ya wingi wa watu. Aseme, aabudu, auze na kununua, achague mtawala na kumwondoa, na sheria imbane mkubwa kama inavyombana mdogo. Mhafidhina wa zamani, akasema, anakujibu kwamba kila watu wana desturi zao, waache nazo. Mhafidhina mamboleo hasemi hivyo. Wengi wa mwanzo kule Marekani walitokea upande huohuo wa waliberali, na wengine mbali zaidi kushoto. Walichoka. Waliona mipango mikubwa ya serikali ya kuwainua maskini ikivunja familia badala ya kuzijenga. Waliona wenzao wakiwa wapole mno kwa madikteta. Basi wakasema uhuru ni wa watu wote duniani, hapo hatugombani, lakini hausimami wenyewe. Nyumbani unashikiliwa na malezi, dini na familia. Nje unashikiliwa na mwenye nguvu aliye tayari kuitumia.

"Kwa hiyo ni ndugu," nikasema.

"Ndugu wa baba na mama mmoja," mwalimu akasema. "Wanagombea namna ya kuendesha nyumba."

Dada alikuwa akikata vitambulisho kwa mkasi. Hakuinua kichwa. "Mwambie pia huyo ndugu mmoja aliingia Iraki kwenda kugawa uhuru kwa vifaru. Mwambie ilivyokwenda."

"Nilikuwa nafika huko, shemeji."

"Ungefika kesho."

Ndivyo ilivyoanza. Kuanzia siku hiyo mabishano yao ya kila siku yalipata majina. Mimi nikawa mwamuzi asiyelipwa, nikaona kwamba kila mmoja alikuwa na sababu iliyotoka mwilini mwake, si kwenye desa.

Wazazi wa dada walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, naye akiwa mtoto wa kubeba kibuyu cha maji kichwani. Alikuwa na umri wa kukumbuka. Nchi yao ilikuwa imeshapata uhuru kwa bunduki, na wazee wake waliushangilia kwa ngoma siku tatu. Baadaye watu walewale wenye bunduki walikuja kuwaambia wabomoe nyumba, wahamie kijiji kipya kilichopangwa kwa mistari. Baba yake aliuliza kama anaweza kubaki kwenye mikorosho yake. Jibu lilimfanya avuke mto. "Sina ugomvi na aliyemfukuza Mreno," dada alisema. "Alifanya vizuri. Lakini mtu akikufungulia mlango kwa teke, usishangae akikaa sebuleni."

Mwalimu naye aliwahi kuamini karatasi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alifundisha shule ya kijijini, na mwanafunzi wake bora, msichana wa darasa la saba, alitolewa shule akaozeshwe. Mwalimu alifuata taratibu. Aliandika kwa mtendaji, akaandika kwa mkaguzi, akaitisha kikao, akasubiri majibu. Majibu yalikuja mazuri sana, yenye mihuri, na yalimkuta msichana ana mtoto mgongoni. "Nilikuwa mliberali mpaka siku ile," alisema. "Haki zake zote niliziandika kwa mwandiko mzuri. Nilitakiwa kwenda pale nikasimame mlangoni."

Nimekutana na watu wengi wenye misimamo. Wengi wameiokota mahali. Hawa wawili waliilipia, na ndiyo maana niliweza kuwasikiliza mwaka mzima bila kuchoka. Tena kila mmoja alijua lile la mwenzake kwa undani. Siku ambazo dada aliumwa, mwalimu ndiye aliyemtetea mliberali mbele yangu, na alimtetea vizuri kiasi kwamba nilimwambia dada, na hilo likamfaa kuliko dawa.

Basi likaja la kweli.

Dada ana mdogo wake wa mwisho, ambaye ameolewa kijijini, mbele ya Mnazi Bay, kule mikoko inakoanza kuusogelea mdomo wa Ruvuma. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika zahanati yao, akipima watoto na kufuata wajawazito kwa miguu. Mwaka ule alipata nafasi ya chuo cha uuguzi hapa mjini. Alitakiwa kuripoti Ijumaa, na vyeti halisi mkononi. Asiporipoti, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumanne asubuhi alipiga simu dukani kwa simu ya nesi wa zahanati. Mumewe amevichukua vyeti, akavifungia kwenye sanduku la bati, na ufunguo anatembea nao. Hakumpiga. Hakupiga hata kelele. Amesema tu kwamba mtoto wao yuko mjini kwa dada anasoma, na sasa mke naye akienda mjini, yeye atabaki mume wa nani. Halafu salio la nesi likaisha.

Dada aliweka simu mezani. Mwalimu alikuwa ameshasimama.

"Nina vijana wanne pale kwenye ghala la korosho, wote niliwafundisha," akasema. "Saa sita tuko pale. Sanduku linatoka, na mdogo wako anatoka."

"Unaingia nyumba ya mtu?"

"Naingia kumtoa mtu."

"Amekuambia anataka kutolewa? Amesema vyeti, shemeji. Hakusema nitoeni."

"Anayefungiwa hasemi yote kwenye simu!"

Dada alimpigia mtendaji wa kijiji, akaambiwa alete malalamiko kwa maandishi. Akapiga ustawi wa jamii, akaambiwa mhusika yuko semina mpaka Jumatatu. Mwalimu alisimama pembeni akisikiliza, na nilimheshimu kwa sababu hakucheka. Alijua hadithi hiyo inakwishaje. Dada naye, nilimwona, alijua kwamba mwalimu anajua. Alikunja kile kikaratasi alichoandikia namba, akakikunja tena, kikawa kidogo kama punje.

Mimi nikauliza huyo bwana ni wa ukoo gani kwa mama yake. Dada akautaja. Nikaanza kucheka peke yangu. Ukoo wa mama yangu na ukoo huo ni watani tangu sijui lini. Kwetu kusini mtani wa ukoo akiingia kwako akabeba kitu mchana kweupe mbele ya majirani, hukasiriki. Ukikasirika umeaibika wewe. Unamfuata, mnatukanana vizuri, anataja anachotaka, unakomboa kitu chako, watu wanacheka, yamekwisha. Kuna sharti moja. Lazima libaki kuwa utani, na walio kwenye utani ni nyinyi wenye koo hizo tu.

Nikawaeleza. Dada akasema huo ni wizi wenye vigelegele. Mwalimu akasema huo ni mchezo wa watoto. Kila mmoja aliona kwamba mbinu hiyo ni ya upande wa mwenzake. Lakini hakukuwa na kingine.

Dada alikubali kwa masharti mawili. Vijana wa ghalani wabaki ghalani. Na tukifika, mdogo wake aulizwe kwanza, kabla ya mtu kugusa kitu. "Akisema hapana, tunapanda gari tunarudi, na wewe shemeji unanyamaza njia nzima."

Jumatano tulipata nafasi kwenye pikapu ya muuza barafu anayewapelekea wavuvi. Dada alikaa mbele. Mimi na mwalimu tulikaa juu ya turubai lililofunika vipande vya barafu, jua likituchoma vichwani na baridi ikitupanda kwa chini. Mwalimu hakulalamika. Alinieleza njia nzima kwamba kosa la wahafidhina mamboleo halikuwa kuamini uhuru ni wa wote, bali kudhani kwamba ukimwondoa mbabe, uhuru utaota wenyewe kama majani. Nilimwambia basi yeye ni mliberali. Akaniambia kosa la waliberali ni kudhani mbabe atasoma barua. Kisha akaomba tubadilishane nafasi, maana upande wake ulikuwa umelowa.

Mume tulimkuta uani anabangua korosho. Alikuwa amekwisha kuzichoma, moshi bado unawasha macho, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa mafuta ya maganda. Mafuta hayo yanaunguza ngozi, mtu hashiki kitu kingine mpaka amalize na kunawa. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kikoi chake. Majirani watatu walikuwa wamekaa naye wakisaidia.

Mkewe alitokea jikoni. Dada hakupoteza muda. Alimvuta kando, lakini si mbali, akamuuliza kwa sauti ambayo niliisikia, "Unataka kwenda chuo?"

"Nataka."

"Unataka tufanye nini?"

Alimtazama mumewe, aliyekuwa anatutazama. "Msimwaibishe," akasema.

Hilo lilinitosha. Nikapiga hodi upya, kwa nguvu, kama ndiyo kwanza nafika.

"Mtumwa wangu yupo?"

Mume alijaribu kutokucheka. "Watumwa wako hawafugwi hapa. Hapa panafugwa watu."

"Kama panafugwa watu, mbona nasikia harufu ya panya wa kuchoma?"

"Ni mama yako amepita."

Majirani walishaanza kugongana mabega. Nikaingia ndani, nikalivuta sanduku chini ya kitanda, nikatoka nalo kichwani. Watoto wa jirani wakapiga kelele. Mume alinyanyuka na mikono yake miwili juu, myeusi, asiweze kushika kitu.

"We mtani! Chukua kuku! Kuku wapo wengi, sanduku acha!"

"Kuku wako wamekonda kama wewe. Nimependa hili. Nitamwozesha bibi yangu kwalo."

Niliweka sanduku katikati ya uwanja, nikalikalia. Watu walikuwa wamefika kama kumi. Mume alikuwa anacheka sasa, anacheka kweli, na nikaona bado kidogo tu. Nikasema, "Likomboe. Nataka kilichomo ndani chenye muhuri. Bati nakurudishia."

Akalitazama sanduku, akipima. Hapo ndipo mwalimu alipokosea.

Alishindwa kuvumilia. Nilimwona tangu mwanzo akijizuia kwenye kona ya ukuta, na sasa akapiga hatua mbele, akafungua mdomo, na ikatoka ile sauti ya darasani. Alisema kwamba hakuna mume mwenye haki ya kufungia elimu ya mtu. Alisema uhuru wa mke hauombwi. Yote yalikuwa kweli, na kila neno lilikuwa linaua kitu. Vicheko vilizima kama moto uliomwagiwa maji. Mume alishusha mikono yake.

"Kumbe," akasema polepole. "Nilidhani nimetembelewa na mtani. Kumbe nimeletewa kesi." Akanigeukia. "Inuka kwenye sanduku langu."

Ningefanya nini? Utani ulikuwa umevunjwa na asiyehusika. Niliinuka.

Dada ndiye aliyekuja. Alimshika mwalimu sikio, mzee wa watu, mstaafu, mbele ya kijiji kizima, akamvuta nyuma. "Huyu si mtani wenu, huyu ni shemeji yangu, na mashemeji wa kwetu hawana breki. Ukoo wao mzima wanazaliwa wanahutubia. Marehemu mume wangu alinitongoza kwa risala!" Mwalimu, na hapa ndipo nilipompenda kabisa, hakujitetea. Alijiinamia, sikio bado mkononi mwa dada, akasema, "Ni kweli. Ilikuwa kurasa sita. Niliiandika mimi."

Jirani mmoja alikohoa, wa pili akashindwa kujizuia, kisha uwanja wote. Mume alikuwa wa mwisho kucheka, na hakucheka sana. Lakini alikaa chini. Mkewe alikwenda akachuchumaa mbele yake na kopo la majivu, akaanza kumpaka mikononi ili mafuta yatoke. Nilisikia tu majivu yakisugua ngozi.

"Utarudi?" mume akamuuliza, chini kabisa.

"Likizo zote. Na nikimaliza nitaomba zahanati hii hii."

"Wakikupeleka kwingine?"

"Sijui," akasema. "Sitaki kukudanganya."

Nilidhani amekosea. Pale mtu anatakiwa kuahidi. Lakini mume alimtazama, akainua kidevu kuelekea pindo la kikoi. "Fungua mwenyewe. Mikono yangu bado michafu."

Alifungua fundo, akafungua sanduku, akatoa bahasha ya kaki, akalifunga tena. Ufunguo akaurudisha kwenye pindo lilelile, akakaza fundo.

Mwalimu alinong'ona kwamba sasa apande gari, twende naye, asilale pale hata siku moja. Mwanamke alimsikia. "Nina muhogo nimeanika, shikamoo mwalimu," akasema. "Nitakuja kesho."

Kurudi, mwalimu alikaa juu ya turubai tupu. Baada ya muda akaniambia kitu ambacho nimekibeba kila nilikohamia tangu hapo. Alisema kinachomtisha mtu kama yeye si kushindwa kuufungua mlango. Ni kuufungua, kisha aliye ndani akafanya anavyotaka mwenyewe. "Na usipoliweza hilo," akasema, "hukuwa unapigania uhuru wake." Nilipomsimulia dada maneno hayo tukishuka, alifikiri kidogo, akasema naye ana lake. Kama tungeandika barua, mdogo wake angekuwa huru kwenye karatasi tu, na nafasi ya chuo ingempita. Hakumwambia mwalimu. Alinituma mimi nimwambie, nami nikamwambia, na kwa siku nzima hawakubishana, jambo lililotutia wasiwasi wateja na mimi.

Alhamisi tulingoja. Saa nne, saa sita, adhuhuri ikaadhiniwa. Dada alikata vitambulisho vya watu wawili akaviharibu. Mwalimu alitoka nje kila pikipiki ilipopita. Alasiri, bodaboda ilisimama mbele ya duka. Alishuka mdogo wa dada, na nyuma yake mumewe, na kati yao, limefungwa kwa mpira, lilikuwa sanduku la bati. Lilikuwa limejaa nguo zake na kifuko cha korosho zilizobanguliwa.

Mume hakuingia. Alisema anangojea mtoto atoke shule amwone, kisha ageuke. Aliponiona tu, akapaza sauti, "Mwizi yupo kazini leo?"

"Yupo. Bibi yangu anakusalimu."

Mkewe aliweka bahasha mezani, akatoa vyeti kimoja kimoja, akavinyoosha kwa kiganja. Dada na mwalimu walisimama pande mbili za mashine kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Niliwasha. Taa ya kijani ilipita chini ya kile kifuniko, nami, kama kawaida yangu, nikasoma kila kilichoandikwa.

"Ngapi?" nikauliza.

"Mbili," akasema. "Moja ya chuo. Moja mpe mume wangu pale nje, akaiweke nyumbani."